Maradhi ya kuvu: kwa nini mapunye hayaponi kwa dawa ya kupaka

Leo tunayaangazia maradhi ya kuvu, au fangasi kama wengi wanavyoyaita, yanayoshambulia ngozi, nywele na kucha. Ni maradhi yasiyotajwa sana kwa sababu ni nadra kuua. Hata hivyo humnyima mtu usingizi kwa muwasho, humtia mtoto aibu mbele ya wenzake darasani, na yasipotibiwa ipasavyo huweza kumwachia upara wa maisha.

Tumeichagua miji mitatu ya Marekani iwe kioo cha makala haya. Nayo ni Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus ambao ndio mji mkuu wa jimbo la Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie. Katika miji hiyo Kiswahili kinasikika nyumbani, dukani, kanisani na msikitini. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikubali kuwapokea Wasomali Wabantu wapatao 12,000 waliokuwa wakiishi katika kambi za Dadaab nchini Kenya. Mababu za watu hao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na hadi leo baadhi yao wanazungumza Kizigua. Mwaka 2002 walihamishiwa Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kuwasili Marekani. Miaka iliyofuata waliwasili pia Warundi na Wakongo waliotoka katika kambi za Tanzania na Uganda, Nyarugusu na Nakivale zikiwa miongoni mwazo. Columbus, kwa upande wake, ina jamii ya Wasomali inayohesabiwa kuwa ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, baada ya ile ya Minneapolis na Saint Paul.

Familia hizi zimekutana na madaktari wasioyajua majina ya maradhi kwa Kiswahili, na wao wenyewe hawayajui kwa Kiingereza. Kwa hiyo ni vyema tuanze na maana ya maneno.

Kuvu ni nini, na huishi wapi

Kuvu ni viumbe vidogo ambavyo si mimea wala si bakteria. Ukungu unaoota juu ya mkate ni kuvu, na uyoga nao ni wa ukoo huo huo. Zipo aina nyingi mno, lakini ni chache tu zinazoweza kula keratini, yaani ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Aina hizo hazipendi kuingia ndani ya mwili. Hukaa juu, mahali penye joto na unyevu, zikijilisha kwa vitu ambavyo mwili umekwisha kuvisukuma nje.

Waswahili wameyapa maradhi haya majina mengi kulingana na mahali. Duara lenye ukingo ulioinuka juu ya ngozi huitwa choa, na wengine huliita mashilingi kwa kuwa linafanana na sarafu. Tanzania wengi husema vibarango. Yanaposhika kichwa cha mtoto na kuacha mabaka yasiyo na nywele huitwa mapunye. Yote hayo ni kazi ya kuvu za kundi moja. Wala si minyoo, ingawa jina la Kiingereza la ugonjwa huu lina neno lenye maana ya mnyoo, na jina hilo limewapoteza wazazi wengi waliokwenda kununua dawa ya minyoo.

Mapunye, ugonjwa wa watoto

Mapunye huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, kabla ya kubalehe. Dalili zake hutofautiana. Mtoto mmoja huwa na baka la mviringo ambalo nywele zake zimekatika. Mwingine huwa na vidoadoa vyeusi tu, navyo ni vishina vya nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Wa tatu huwa na magamba meupe kichwa kizima, na mama akadhani ni mba. Hapa pana jambo la kukumbuka: mba ya kawaida ni nadra kwa mtoto ambaye hajabalehe. Mtoto wa miaka sita mwenye magamba kichwani na tezi zilizovimba nyuma ya shingo anapaswa kupimwa kuvu.

Nchini Marekani mapunye mengi husababishwa na kuvu iitwayo Trichophyton tonsurans, iliyoenea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Afrika Mashariki, miongoni mwa zinazoonekana zaidi ni Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii. Maabara za Marekani katika miji yenye wahamiaji kutoka Afrika zimeripoti kuziona tena kuvu hizi ambazo kwao zilikuwa zimekuwa adimu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu mbili.

Kwanza, daktari aliyezoea kutumia taa maalumu ya miale ya urujuani hutazamia kuona nywele ziking'aa rangi ya kijani. Kuvu za jamii ya Microsporum hung'aa hivyo, lakini tonsurans na violaceum hazing'ai. Kwa hiyo kutong'aa si ushahidi kwamba hakuna ugonjwa. Kipimo cha kutegemewa ni kukwangua magamba na kung'oa vishina vya nywele, kisha kuvitazama kwa hadubini na kuviotesha maabara. Uoteshaji huo huweza kuchukua hadi wiki nne.

Pili, dawa inayoishinda kuvu moja haina nguvu sawa kwa nyingine, kama tutakavyoona.

Ipo sura moja ya mapunye inayowachanganya hata wahudumu wa afya. Kinga ya mwili inapopambana na kuvu kwa ukali, kichwa huvimba, hulainika kama jipu na kutoa usaha. Uvimbe huo si jipu la bakteria, na haufai kupasuliwa kwa kisu. Tiba yake ni dawa ya kuvu ya kumeza. Ikicheleweshwa, mashina ya nywele hufa, kovu hubaki, na nywele hazitaota tena mahali pale. Hiyo ndiyo hasara kubwa kabisa ya ugonjwa huu, na ndiyo sababu ya kuutibu mapema.

Ugonjwa uliowafungia watu mlango

Hofu ya wahamiaji kuhusu maradhi ya kichwa haikuanza leo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 iliwazuia kuingia nchini watu wenye maradhi ya kuambukiza yaliyohesabiwa kuwa ya kuchukiza au ya hatari. Mwaka uliofuata kituo cha Ellis Island kilifunguliwa katika bandari ya New York, na madaktari wake walivichunguza vichwa vya abiria. Aina moja kali ya ugonjwa wa kuvu wa kichwa, inayoacha magamba ya njano yenye harufu, ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowarudisha watu walikotoka. Familia zilitenganishwa kwa ajili ya kichwa cha mtoto mmoja.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huo huo ndio uliofungua njia ya sayansi. Mwaka 1839, Johann Lukas Schönlein wa Ujerumani aliiona kuvu ndani ya magamba yake, na muda mfupi baadaye David Gruby, aliyekuwa akifanya kazi mjini Paris, alithibitisha kwamba kuvu ndiyo chanzo. Hayo yalikuwa kabla Robert Koch na Louis Pasteur hawajaeleza kazi ya bakteria katika maradhi.

Leo mapunye hayamo katika orodha ya maradhi yanayomzuia mkimbizi au mhamiaji kuingia Marekani. Mzazi hana sababu ya kuyaficha kwa daktari akihofia karatasi zake za uhamiaji.

Kutoka miale hadi vidonge

Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa ya kumeza. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wenye mapunye walipigwa miale ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke na kuvu iondoke nazo. Njia hiyo ilitumika Ulaya, Marekani na Mashariki ya Kati hadi miaka ya 1950. Baadaye watafiti waliowafuatilia watoto hao walipokuwa watu wazima, nchini Israel na mjini New York, walikuta uvimbe na saratani za kichwa zaidi ya ilivyotarajiwa.

Jimbo la New York lina nafasi yake katika historia ya dawa za kuvu. Mwaka 1950, wanasayansi wawili wanawake wa Idara ya Afya ya jimbo hilo, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, walitangaza kugundua dawa iliyotokana na kijidudu cha udongoni. Mmoja alifanya kazi mjini New York na mwingine Albany, wakipelekeana sampuli kwa posta. Dawa hiyo waliipa jina la nistatini kwa heshima ya jimbo lao. Mpaka leo hutumika kutibu utando mweupe wa mdomoni kwa watoto wachanga, ambao husababishwa na kuvu iitwayo Candida. Lakini msikilizaji azingatie kwamba nistatini haitibu mashilingi wala mapunye. Anayeipaka kwenye choa anapoteza wakati.

Dawa iliyobadilisha mambo ni griseofulvini. Ilitambuliwa mjini London mwaka 1939, ikawekwa kando kwa miaka mingi, hadi mwaka 1958 James Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba wanyama wenye choa hupona wakiimeza. Mwaka uliofuata ilianza kutumiwa na binadamu, na zama za kuwapiga watoto miale zikafikia ukingoni.

Sasa tunafika kwenye swali letu. Kwa nini mapunye hayaponi kwa dawa ya kupaka? Jibu ni kwamba kuvu haikai juu ya kichwa tu, bali imo ndani ya unywele na katika shina lake chini ya ngozi. Krimu haifiki huko. Dawa ya kumeza hupita katika damu na kuingia katika unywele unaoota. Unywele huota polepole, na ndiyo maana griseofulvini hutolewa kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na terbinafini kwa wiki nne hadi sita, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Griseofulvini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri. Kwa jumla, terbinafini hufanya kazi vyema zaidi dhidi ya kuvu za Trichophyton, na griseofulvini dhidi ya Microsporum. Mjamzito hapaswi kumeza griseofulvini.

Kosa linalorudiwa ni kuacha dawa muwasho unapokwisha, katika wiki ya pili au ya tatu. Kuvu iliyobaki huanza upya, na familia hudhani dawa haikufaa.

Miguu, kucha na majira ya baridi

Huko Buffalo theluji ni nyingi kiasi cha kuujulisha mji huo kote Marekani. Mtu aliyezoea kandambili au kutembea pekupeku hujikuta amefunga miguu ndani ya soksi nzito na mabuti kwa miezi mingi. Louisville na Columbus ni miji ya maghala makubwa na usafirishaji wa mizigo, na wengi wa wahamiaji hufanya zamu ndefu wakiwa wamesimama katika viatu vya kazi. Jasho likikosa pa kutokea, ngozi ya katikati ya vidole hulainika, huwa nyeupe, hupasuka na kuwasha. Hiyo ni kuvu ya miguu.

Kwa kawaida ugonjwa huo hutibika kwa krimu kama klotrimazoli au terbinafini. Isipotibiwa, kuvu huweza kuhamia kwenye kucha, nazo zikawa nene, za manjano na zenye kumomonyoka. Hapo kazi huwa ngumu. Kidonge cha terbinafini hutumiwa kwa wiki sita kwa kucha za mikono na wiki kumi na mbili kwa kucha za miguu, na daktari huangalia kwanza hali ya ini. Hata kuvu ikifa, ukucha wa kidole gumba cha mguu huhitaji mwaka mmoja au mwaka na nusu kuota upya wote. Aidha, karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina kuvu, bali zimeumizwa na viatu au maradhi mengine ya ngozi. Ni vizuri ukucha upimwe kabla ya kuanza dawa za miezi mitatu.

Mgonjwa wa kisukari asiupuuze mpasuko mdogo wa katikati ya vidole, kwani ndio mlango wa bakteria. Wale wanaotawadha mara tano kwa siku wana faida ya kuiosha miguu, ila waikaushe kwa kitambaa katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Vilevile ni bora nywele zikauke kabla ya kufunikwa kwa mtandio.

Krimu zinazodanganya

Katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, na katika mifuko ya wasafiri, zimo krimu zilizochanganywa dawa ya kuvu na steroidi kali. Baadhi ya watu huzitumia pia kung'arisha ngozi. Ukiipaka kwenye choa, muwasho hutulia kwa siku chache na wekundu hupungua. Kumbe steroidi imeilaza kinga ya ngozi, na kuvu inaenea chini kwa chini. Duara hupoteza umbo lake, na hata daktari hulifananisha na ukurutu, akaongeza steroidi nyingine.

Madhara yake si ya mtu mmoja. Matumizi holela ya krimu za namna hiyo huko Asia Kusini yanahusishwa na kuenea kwa kuvu sugu iliyopewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka 2023 Kituo cha Kudhibiti Maradhi cha Marekani kilichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wa kwanza kuripotiwa nchini humo, wote katika jiji la New York. Walikuwa na choa kilichoenea mwilini ambacho hakikusikia terbinafini. Mmoja wao hakuwa amesafiri nje ya nchi. Kuvu kama hiyo mara nyingi huhitaji itrakonazoli na usimamizi wa daktari wa ngozi.

Kidonge cha ketokonazoli nacho kina tahadhari yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kinaweza kudhuru ini vibaya, na kwamba kisitumiwe kutibu kuvu za ngozi na kucha. Shampuu na krimu za ketokonazoli hazimo katika onyo hilo.

Juu ya ngozi nyeusi

Vitabu vingi vimeeleza choa kama duara jekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Huonekana baka la kahawia, la kijivu au la zambarau, lenye ukingo wa magamba. Baada ya kupona hubaki doa jeusi kwa miezi kadhaa, na doa hilo si ugonjwa wala halihitaji dawa zaidi.

Madoa mepesi yasiyowasha, yaliyotapakaa kifuani na mgongoni, mara nyingi ni ya kuvu nyingine iishiyo juu ya ngozi ya kila mtu. Hayo hayaambukizi. Lakini baka jepesi lililokufa ganzi, lisilosikia mguso, lichunguzwe haraka kwa sababu laweza kuwa ukoma, ambao leo unatibika kikamilifu. Na mguu unaovimba taratibu bila maumivu, ukatoa usaha wenye chembechembe, usitibiwe nyumbani hata kidogo. Huenda kuvu imezama hadi kwenye mfupa.

Nini kifanyike

Mtoto akigundulika kuwa na mapunye, nyumba nzima ichunguzwe, kwa sababu ndugu anaweza kubeba kuvu bila dalili yoyote. Shampuu yenye seleni salfaidi au ketokonazoli, mara mbili au tatu kwa wiki, hupunguza kusambaa kwa vijimbegu, ingawa haiponyi peke yake. Vitana, kofia, mitandio na foronya zisitumiwe kwa zamu, na zifuliwe kwa maji ya moto. Wale wanaonyoa na kusuka nyumbani, jambo la kawaida katika jamii zetu, wasafishe mashine na vitana kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kichwa. Kunyoa upara hakuhitajiki ili dawa ifanye kazi. Paka au mbwa mwenye manyoya yaliyonyonyoka apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta ya taa huunguza ngozi na kuiachia kidonda. Visipakwe.

Kuhusu shule, mwongozo wa Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ni kwamba mtoto anaweza kuendelea na masomo mara tu anapoanza matibabu. Hakuna haja ya kumfungia nyumbani kwa wiki nane.

Kuhusu lugha, hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu kisheria wa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili, Kisomali au Kinyarwanda, na usimtwike mtoto wako kazi hiyo. Vipo pia vituo vya afya vya jamii vinavyopanga malipo kulingana na kipato. Mjini Buffalo kimojawapo ni Jericho Road, ambacho kina kliniki yake pia mjini Goma, mashariki mwa Kongo.

Wapenzi wasikilizaji, kuvu haichagui mchafu wala msafi, tajiri wala maskini. Humpata mtoto aliyecheza na wenzake na mfanyakazi aliyevaa viatu vyake vya kazi. Waswahili husema, mficha uchi hazai. Mtoto mwenye mapunye afunguliwe kofia mbele ya daktari leo, maana shina la unywele likishakufa, hapana dawa itakayolirudisha.